ALIIMBA GIZANI: MAISHA YA FANNY CROSBY



Karatasi hii usiitupe wala usifungie maandazi kabla hujaisoma. Isome mpaka mwisho, halafu mpe jirani yako naye asome. Nina swali moja tu kwako leo: FURAHA YAKO IKO WAPI?

Pengine umeokoka siku nyingi. Ulipookoka ulikuwa unaimba ukifua, unaimba ukipika, unaimba hata ukiwa umesimama kwenye daladala. Siku hizi huimbi. Ukiamka, kabla hujasema asante Yesu, mkono umeshashika simu. Unaangalia nani kajenga, nani kanunua gari, nani kavaa nini kwenye harusi. Ukiiweka chini hiyo simu unajiona wewe ndiye uliyebaki nyuma peke yako. Mchango wa harusi unakungoja, sare ya kicheni pati inakungoja, na mwenye mkopo wa kausha damu anagonga mlango. Basi moyoni umeshajiambia: nitafurahi nikipata. Nikipata kazi. Nikipata mume. Nikipata mtoto. Nikipona.

Ndugu yangu, dunia ya sasa imekufundisha hivyo, nawe umekubali. Imekuambia furaha ni kitu cha mwisho, unakipewa ukishapata vingine vyote. Leo nakusimulia habari za mama mmoja ambaye, kama angengoja apate ndipo afurahi, asingefurahi hata siku moja katika miaka yake 94. Jina lake ni Fanny Crosby. Inawezekana hulijui jina hilo, lakini wimbo wake umeuimba. Kama umewahi kuimba Usinipite Mwokozi, umeimba wimbo wa mama huyu. Na wimbo tunaouita Ndiyo Dhamana ni wa kwake pia.

MTOTO ASIYEONA

Fanny alizaliwa tarehe 24 Machi 1820, kijijini katika jimbo la New York, Marekani. Alipokuwa na wiki sita macho yake yaliuma. Daktari wao hakuwepo, akaja mtu mwingine aliyejifanya daktari. Huyo akaagiza mtoto awekewe dawa ya moto juu ya macho. Macho yakaharibika. Hivyo ndivyo familia yake walivyosimulia siku zote, na yeye mwenyewe alikua akijua hivyo, ijapokuwa madaktari wa siku hizi wengine wanadhani huenda alizaliwa na ugonjwa huo.

Mwaka haujaisha, baba yake akafa. Mama yake, aliyeitwa Mercy, alikuwa binti mdogo tu, akaenda kufanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu ili mtoto ale. Fanny alipofika miaka mitano hivi, mama huyu alimpeleka mjini New York kwa daktari bingwa aliyesifika sana wakati ule, Valentine Mott. Bingwa akamwangalia mtoto, akasema hakuna la kufanya. Hebu fikiri safari ile ya kurudi nyumbani! Mama anamshika mtoto mkono, matumaini yote yamebaki kwa daktari.

Lakini Mungu alikuwa ameweka mtu nyumbani. Alikuwepo bibi, mama yake Mercy, jina lake Eunice. Bibi huyu aliamua kuwa yeye atakuwa macho ya mjukuu wake. Alimweleza maua, ndege, na rangi za mawingu jua likizama. Zaidi ya yote alimsomea Biblia. Alipohamia mji mwingine na mama yake, mwanamke mwenye nyumba waliyopanga aliendelea kumfundisha kuyashika maandiko kwa moyo. Mtoto akafika mahali pa ajabu: kabla hajawa mtu mzima alikuwa ameshika kichwani vitabu vitano vya Musa, Injili zote nne, Mithali, Wimbo Ulio Bora na Zaburi nyingi.

Mpendwa, hebu tulia hapa kidogo. Huyu hakuwa na kitabu cha kusoma. Wewe una Biblia kwenye simu, na kwenye simu hiyo hiyo una vitu elfu vya kuangalia. Unavifungua vyote, Biblia unaipita. Halafu unashangaa kwa nini moyo ni mkavu! Furaha inatoka mahali. Kilichowekwa ndani ndicho kitakachotoka.

Alipokuwa na miaka minane Fanny alitunga shairi lake la kwanza. Humo alisema kwamba yeye ni mtoto mwenye furaha ijapokuwa haoni, na kwamba ameamua kuridhika. AMEAMUA. Hakungoja macho yafunguke. Mtoto wa miaka minane!

MJI WA TAA NYINGI

Mwaka 1835 alipelekwa New York kwenye shule ya vipofu. Mji ule wakati huo ulikuwa na watu wasiofika 300,000. Lakini sikiliza: mwaka 1900 walikuwa wamezidi milioni tatu. Fanny aliishi katikati ya mji uliokuwa unavimba namna hiyo. Aliona, au niseme alisikia, kila jambo la kisasa likiingia. Reli zikaja. Picha za kupiga zikaja. Simu ya Bell ikaja mwaka 1876. Mwaka 1882 Edison akawasha taa za umeme katika mtaa mmoja wa mji huo, watu wakatoka kuziangalia. Maduka makubwa yakajengwa yenye vioo mbele, bidhaa zimepangwa ili mpita njia atamani. Majumba ya maigizo na ya muziki yakajaa watu usiku.

Vitu vyote vile vilimwita mtu kupitia macho. Angalia, tamani, nunua. Ni mtego ule ule ulioandikwa katika 1 Yohana 2:16, tamaa ya macho. Usifikiri kuwa mambo ya kisasa yameanza na kizazi chetu. Shetani habadilishi biashara, anabadilisha duka tu!

Sasa usije ukasema kwamba Fanny alipona majaribu kwa sababu haoni. Hapana. Mtego wake uliingia kwa masikio. Shuleni alionekana ana kipawa, akawa anaitwa kila akija mgeni mkubwa awatungie mashairi. Mwaka 1844 alisimama mbele ya wabunge wa Marekani mjini Washington akaghani mashairi yake, na mwaka huo huo kitabu chake cha kwanza kikachapwa. Akawa mwalimu pale pale shuleni. Kijana mmoja aliyekuwa karani shuleni hapo alikuwa anamwandikia mashairi yake kwenye karatasi. Kijana huyo, Grover Cleveland, baadaye akawa rais wa Marekani, tena mara mbili. Sifa zilikuwepo, marafiki wakubwa walikuwepo, Biblia kichwani ilikuwepo. Lakini WOKOVU je?

MKONO MMOJA DUNIA, MKONO MMOJA BWANA

Mwaka 1849 kipindupindu kiliingia New York. Watu walikimbia mji. Fanny alibaki shuleni kuwauguza wagonjwa, na wanafunzi wengine walikufa. Aliijua Biblia, lakini kifo kilipogonga mlango aligundua moyo wake hauna amani. Kumbe unaweza kuyajua maandiko yote na bado ukaogopa kufa!

Mwaka uliofuata, 1850, kulikuwa na mikutano ya uamsho katika kanisa moja la Wamethodisti mjini humo. Fanny alihudhuria usiku baada ya usiku. Mara mbili alikwenda mbele kuombewa, na mara mbili alirudi alivyokwenda. Je, wewe umewahi kwenda mbele ukarudi vile vile? Usikate tamaa, soma hapa. Tarehe 20 Novemba 1850 alikwenda tena mara ya tatu, usiku ule alikwenda peke yake. Waliomba sana. Kisha mkutano ukaanza kuimba wimbo wa zamani wa Isaac Watts, na walipofika mahali pa mtu kujitoa kabisa kwa Bwana, Fanny alijitoa. Nafsi yake ikajaa nuru, yeye ambaye macho yake hayakujua nuru.

Baadaye alieleza kwa nini zile mara mbili hakupata kitu. Alisema alikuwa anajaribu kuishika dunia kwa mkono mmoja na Bwana kwa mkono mwingine. Hiyo ndiyo siri! Msomaji wangu, wengi wetu tuko hapo. Jumapili mkono mmoja umeinuliwa juu, mkono mwingine umeshika mkeka wa kubeti mfukoni. Halafu tunasema wokovu hauna raha. Wokovu una raha, ila mikono miwili haiwezi kuvuta pande mbili mwili ukapumzika.

NYIMBO ZA PESA NA NYIMBO ZA BWANA

Miaka hiyo ya 1850 Fanny alikuwa anamtungia maneno mwanamuziki George Root. Zilikuwa nyimbo za kidunia, si chafu, ni za mapenzi na huzuni na maua, na zilipendwa sana Marekani. Zingine zilileta hela nzuri, lakini hela haikuwa yake, yeye alilipwa kidogo tu. Angeweza kuendelea hivyo mpaka mwisho, jina lake likakua.

Februari 1864 alikutana na William Bradbury, mtunzi wa muziki wa kanisa, aliyekuwa anatafuta mtu wa kumwandikia nyimbo za injili. Fanny alikuwa anakaribia miaka 44. Watu wengine wakifika umri huo wanasema nimechelewa. Yeye ndipo alipoanza! Kuanzia hapo mpaka kufa kwake alitunga nyimbo za injili zaidi ya 8,000. Alikuwa hawezi kuandika vizuri kwa mkono, kwa hiyo alitunga kichwani, wakati mwingine nyimbo kadhaa kwa pamoja, halafu mtu anamwandikia. Zilikuwa nyingi mno hata wachapaji wakatumia majina mengine karibu 200 kuficha kwamba zote ni za mtu mmoja. Yeye hakulalamika. Malipo yake kwa wimbo mmoja yalikuwa dola moja au mbili.

Zile nyimbo hazikutoka kwenye kiti cha starehe. Mwaka 1868 alikwenda kwenye gereza kuwahubiria wafungwa. Katikati ya maneno yake mfungwa mmoja alimlilia Bwana asimpite. Kilio kile Fanny alirudi nacho nyumbani, na usiku ule akatunga wimbo ambao sisi tunauita Usinipite Mwokozi. Muziki wake ukatiwa na William Doane. Moody na Sankey walipokwenda kuhubiri Uingereza kati ya 1873 na 1875, nyimbo za mama huyu zilikwenda nao. Ndivyo zilivyosambaa duniani mpaka zikafika kwenye vitabu vyetu vya Kiswahili. Kilio cha mfungwa mmoja asiyejulikana jina! Leo kinaimbwa vijijini kwetu.

MACHOZI HAYAKUKOSEKANA

Sasa usinielewe vibaya. Sisemi kwamba mtu wa Mungu halii. Mwaka 1858 Fanny aliolewa na Alexander van Alstyne, mwanamuziki, naye kipofu. Walipata mtoto mmoja, na mtoto akafa angali mchanga kabisa. Jambo hilo Fanny alilizungumza mara chache sana maishani. Kuna maumivu ambayo hata mtunzi wa nyimbo elfu nane hana maneno yake. Tena miaka ya baadaye yeye na mumewe waliishi kila mtu mahali pake, ijapokuwa hawakuachana wala hawakuwa maadui.

Kwa hiyo huyu si malaika. Ni mama aliyezika mtoto, mama ambaye ndoa yake haikuwa kama picha za harusi, mama asiyeona jua. Na bado waliomfahamu walimjua kwa uchangamfu na utani. Furaha ya Kikristo haifuti machozi yote leo. Ila machozi hayaimalizi. Paulo na Sila migongo yao ilikuwa inavuja damu, na usiku wa manane waliimba (Matendo 16:25). Kwanza waliimba, ndipo milango ikafunguka. Hawakungoja milango.

ALICHAGUA KUKAA WAPI?

Mtu mwenye rafiki rais angekaa wapi? Fanny alipanga vyumba katika mitaa ya watu maskini ya New York, karibu na mtaa wa Bowery, mtaa uliojulikana kwa vilabu vya pombe na walevi wanaolala nje. Hela iliyoingia aliigawa. Jioni alikwenda kwenye nyumba za misheni kukaa na walevi, watu wasio na kwao, wafanyakazi wa reli. Aliwaita wanawe. Hakuwafokea, aliwasikiliza.

Usiku mmoja mwaka 1869, katika misheni moja, alisikia moyoni kwamba yupo kijana humo ambaye asipookolewa usiku ule basi. Akasema wazi, kama yupo kijana aliyeiacha nyumba ya mama yake na mafundisho ya mama yake, aje kwake ibada ikiisha. Kijana wa miaka 18 akaja. Wakaomba pamoja, naye akaokoka. Fanny akarudi nyumbani akatunga wimbo wa kuwaokoa wanaopotea.

Unaona siri ya pili? Dunia ya kisasa inakuambia jiangalie, jipige picha, jitangaze. Mtu akijiangalia mchana kutwa atakosa furaha, hata akiwa mzuri namna gani. Fanny hakuweza kujiangalia kwenye kioo hata mara moja. Alitumia siku zake kuwatafuta wengine. Yule ambaye hakuona aliwaona watu ambao wenye macho waliwaruka barabarani.

NENO KWA ASIYEPONA

Hapa nataka nizungumze na wewe uliyekuja kwenye mkutano huu na ugonjwa wako. Yesu anaponya! Ni yeye yule jana, leo na hata milele. Njoo uombewe, tena njoo kwa imani. Lakini najua pia kwamba wapo watakaoombewa leo na kurudi nyumbani na fimbo ile ile, na macho yale yale. Wengine wataambiwa hawana imani, wataumia mara mbili.

Mpendwa, usiuache wokovu wako uwanjani kwa sababu hiyo. Fanny Crosby hakufunguliwa macho mpaka kufa, na hakuna aliyethubutu kusema mama yule hana imani. Inasimuliwa kwamba mhubiri mmoja alimhurumia kwa upofu wake. Yeye akamjibu kuwa kama angepewa kuchagua alipozaliwa, angeomba azaliwe kipofu, kwa sababu akifika mbinguni, uso wa kwanza atakaouona utakuwa wa Mwokozi wake. Na yule aliyemharibu macho, Fanny alisema hana kinyongo naye hata chembe. Huo nao ni muujiza. Macho kufunguka ni muujiza, na moyo kukaa miaka 94 bila uchungu ni muujiza mkubwa vile vile.

Habakuki alisema mtini usipochanua, na zizini pasiwe na ng'ombe, yeye atamfurahia Bwana tu (soma Habakuki 3:17-18). Hakusema zizi tupu ni zuri. Alisema furaha yake haikufungwa zizini.

MWISHO WA SAFARI

Mwaka 1900 Fanny alihamia Bridgeport, Connecticut, kwa ndugu zake. Mumewe alifariki mwaka 1902. Yeye aliendelea kusafiri na kusema makanisani akiwa na miaka zaidi ya 80. Tarehe 12 Februari 1915 alilala katika Bwana, akibakiza wiki sita hivi atimize miaka 95. Kaburi lake lilipata jiwe dogo tu, lililoandikwa maneno machache kutoka habari ya yule mwanamke katika Marko 14, aliyefanya kile alichoweza. Jiwe kubwa walikuja kuliweka wengine mwaka 1955.

WEWE JE?

Ndugu msomaji, taa za New York alizokosa kuziona Fanny zilikwisha kubadilishwa zamani. Yale maduka ya vioo, mengi hayapo tena. Nyimbo za kidunia zilizovuma wakati ule, wewe huzijui hata moja. Lakini kilio cha yule mfungwa unakijua, umekiimba. Kilichotoka kwa Mungu ndicho kilichobaki.

Basi fanya mambo matatu kuanzia leo. Kwanza, asubuhi kabla ya simu shika Neno, hata mstari mmoja, uuweke moyoni mpaka uujue. Pili, achia ule mkono unaoshika dunia. Unajua mwenyewe umeshika nini. Tatu, mtafute mtu mmoja mwenye hali mbaya kuliko yako, umtembelee wiki hii. Na wakati unatembea, IMBA. Usingoje upate. Yesu ameshapatikana!

Kama hujaokoka, au ulikwenda mbele ukarudi vile vile, mlango uko wazi. Fanny alirudi mara ya tatu. Omba sala hii kwa sauti, popote ulipo:

Bwana Yesu, nimechoka kutafuta furaha kwenye vitu. Nimekushika kwa mkono mmoja na dunia kwa mkono mwingine. Leo naiachia. Nisamehe dhambi zangu, unioshe kwa damu yako. Ingia moyoni mwangu, uwe Bwana wangu. Ukinipa ninachoomba nitakushukuru, usiponipa bado nitakuimbia. Nijaze Roho wako Mtakatifu. Amina.

Kama umeomba hivyo kwa moyo wako wote, umeokoka! Mwambie mtu leo leo. Tafuta kanisa linalohubiri wokovu karibu na nyumbani kwako, uende Jumapili hii. Na ukifika nyumbani jioni hii, hata kama taa imekatika, usingoje umeme urudi. Anza kuimba hapo hapo gizani.

Mungu akubariki sana.